Kanywe Chai: Shajara ya Kyoto na Magombo ya Watawa wa Zen

Alhamisi. Kansai hadi Kyoto

Kutoka uwanja wa ndege wa Kansai hadi Kyoto ni saa moja na robo hivi kwa treni. Nimekuja kwa ajili ya jambo moja: yale maandishi meusi ya watawa wa Zen, tawi la dini ya Kibuddha, mstari mmoja wa brashi kwenye karatasi ndefu, yanayotundikwa katika vyumba vya chai. Gombo lenyewe Wajapani huliita kakejiku, na maandishi ya mtawa huyaita bokuseki. Kwa miaka nimeyakuta kwenye vikombe na fulana, na asubuhi nyingine kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na picha ya ua waridi: "Kila siku ni siku njema." Nilishindwa kuamini kwamba watu wangetunza karatasi miaka mia saba kwa ajili ya kupeana moyo tu.

Mwenyeji wangu ni mama wa Kijapani aliyesoma Kiswahili Osaka, ambako chuo kikuu kinakifundisha hadi leo, kisha akaishi Unguja ujanani. Amejifunza chai, yaani taratibu za Kijapani za kumwandalia mgeni chai, kwa muda mrefu kuliko alivyojifunza Kiswahili, ila ukimsikia akiongea huwezi kujua. Nilipomwamkia pale stesheni alijibu, "Marahaba mwanangu. Umekonda. Hebu lete begi hilo."

Nyumbani kwake chumba cha wageni kina tokonoma, shubaka pana lililoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, mahali pa kutundika gombo na kuweka ua. Leo lilikuwa tupu. Nikamuuliza mbona hajatundika kitu.

"Sijaamua," akasema. "Kwanza nione umekujaje."

Nikaona anatania. Nikalala.

Ijumaa. Ryoanji

Mlangoni mwa mahekalu mengi ya Zen, pale unapovua viatu, kuna kibao chenye herufi nne: kyakka shoko, angalia chini ya miguu yako. Mgeni hulichukulia kuwa ombi la kupanga viatu, na ni kweli, vipange. Lakini lina asili yake. Usiku mmoja nchini China, mwalimu Wuzu Fayan alikuwa akitembea na wanafunzi wake watatu, taa ikazimika. Pale pale gizani akawataka kila mmoja atoe neno. Wawili wakatoa maneno ya kishairi. Wa tatu, Yuanwu Keqin, akasema: tazama chini ya miguu yako. Giza limeingia, njia haionekani, wengine wanatunga mashairi, mmoja anaangalia asije akajikwaa. Yuanwu (1063–1135) nitarudi kwake, maana ndiye anayehesabiwa babu wa magombo yote haya.

Bustani ya hekalu la Ryoanji ina mawe 15, na popote utakapoketi barazani, angalau moja litakuwa limejificha. Watu walikuwa wakihesabu kwa vidole. Mimi nilienda nyuma ya jengo, kwenye beseni la jiwe la kunawia mikono. Ni duara, mfano wa sarafu ya zamani, na katikati kuna shimo la mraba linalojaa maji. Kulizunguka zimechongwa alama nne. Ukizisoma zilivyo, ya juu ni "tano", ya kulia ni ndege mwenye mkia mfupi, ya kushoto ni mshale, na ya chini si herufi kamili. Hakuna maana. Ila mraba ule wa katikati una umbo sawasawa na herufi ya "kinywa", na kila moja ya zile nne inakosa kinywa. Ukiuazima mraba ule kwa kila moja, zinageuka kuwa: mimi – tu – kutosheka – kujua. Najua tu kutosheka. Kinachokamilisha maneno yote ni lile tundu lenye maji.

Inasimuliwa kwamba beseni hilo lilitolewa na Tokugawa Mitsukuni, mtawala wa karne ya 17, na lile wanaloonyeshwa wageni ni nakala. Ili unawe ni lazima uchuchumae, kwa hiyo maneno yenyewe unayasoma ukiwa umeshainama. Karibu na njia ya kutokea wanauza sarafu ndogo za shaba zenye umbo lile lile. Watu walikuwa wanazinunua mbili mbili.

Jumamosi. Chumba cha chai

Mvua tangu alfajiri. Mama amealika wenzake wawili wa darasa la chai, nami nikawa mgeni wa tatu.

Mlango wa wageni ni tundu la mraba lililo chini, unaingia kwa magoti. Ukishaingia, jambo la kwanza ni kwenda kwenye shubaka. Unaketi mbele ya gombo, unaweka upepeo wako umekunjwa mbele ya magoti, unainama. Unasoma mstari, halafu sahihi na mihuri pale chini upande wa kushoto, kisha unainama tena. Ua na birika hufuata baadaye. Kitabu cha Nanporoku, ambacho wapenzi wa chai hukitegemea sana kwa mafundisho ya mwalimu wa chai Sen no Rikyu (1522–1591), kinasema hakuna chombo kilicho muhimu kuliko gombo, na katika magombo maandishi ya watawa ndiyo ya kwanza. Unamwinamia mtu aliyeandika na neno alilolisema. Mchoro mzuri hauna heshima hiyo.

Safari hii shubaka halikuwa tupu. Paliandikwa herufi tano: nichinichi kore konichi. Kila siku ni siku njema.

Nilikata tamaa kidogo. Mama aliniona usoni, akasubiri chai iishe ndipo akanisimulia. Mwalimu Yunmen (864–949) aliwaambia wanafunzi wake: "Siwaulizi habari za kabla ya tarehe 15. Nipeni neno moja la baada ya tarehe 15." Ni tarehe za mwezi mwandamo, kwa hiyo 15 ni mwezi mpevu, baada yake ni kupungua tu. Hakuna aliyejibu. Akajijibu mwenyewe: kila siku ni siku njema. Kisa hicho ni cha sita katika *Kumbukumbu za Jabali la Buluu*, mkusanyiko wa visa mia moja ambao Yuanwu, yule wa kuangalia chini ya miguu, aliutolea ufafanuzi.

"Sasa sikiliza," Mama akasema. Juu ya paa mvua ilikuwa inapiga. "Umesafiri kutoka Dar mpaka hapa, na siku yako ya tatu imekuwa hivi. Unafikiri nimelitundika la nini?"

Nikamuuliza kama angelitundika kwa mgeni aliyefiwa.

"Wengi hawatathubutu. Mimi mmoja nilimtundikia. Alikaa mbele yake muda mrefu sana. Mwingine ningemtundikia hilo asingerudi tena nyumbani kwangu."

Hapo ndipo jambo lenyewe liliponifungukia, na lilinifungukia kwa kanga. Jina la kanga lile lile, ukimpa mama yako ni shukrani, ukilivaa ukapita mbele ya jirani ni vita. Kusoma maneno hakutoshi, hata ukiwa na kamusi. Lazima ujue nani kalivaa, mbele ya nani, siku gani. Magombo haya yana nasaba hiyo hiyo: karibu kila mstari ni jibu la mtu aliyeulizwa jambo na mwingine, mahali fulani, na anayeutundika leo anautupa tena kwa mtu mpya. Ukiuondoa kwenye mazungumzo hayo ukaupachika kwenye kikombe, unabaki na salamu za asubuhi.

Kisa cha mwalimu Zhaozhou (778–897) ndicho kinachoonyesha hivyo vizuri zaidi. Mtawa mgeni alifika. Zhaozhou akamuuliza, "Umewahi kufika hapa?" "Ndiyo." "Kanywe chai." Akaja mwingine. "Umewahi kufika hapa?" "Hapana." "Kanywe chai." Msimamizi wa hekalu akashindwa kuvumilia: aliyewahi kufika akanywe chai, ambaye hajafika naye akanywe chai, mbona hivyo? Zhaozhou akamwita. "Naam!" "Kanywe chai."

Kissako, herufi tatu. Ni kati ya magombo yanayotundikwa sana vyumba vya chai, na wengi huliona kama karibisho. Linaweza kuwa karibisho. Lakini msimamizi yule hakukaribishwa, alinyamazishwa. Nilimuuliza Mama yeye hulitundika lini. "Akija mgeni anayependa kuzungumza habari za Zen," akasema, na wenzake wakacheka kwa namna iliyonifanya nitazame sakafu.

Jumapili. Daitokuji

Hii ndiyo siku iliyonifanya nichague Oktoba. Kila mwaka, Jumapili ya pili ya mwezi huu, hekalu kuu la Daitokuji huanika hazina zake. Kiangazi cha Japani ni joto la unyevunyevu, na karatasi iliyokunjwa miezi yote hiyo huvutia ukungu na wadudu. Hewa ikikauka, magombo hutolewa masandukuni na kutundikwa ukutani. Watu wanaruhusiwa kupita siku hiyo. Picha hairuhusiwi. Kioo hakuna pia, na ndiyo raha yake.

Nilitegemea ukimya. Nilikuta umati wa soksi. Viatu mfukoni, unapita chumba hadi chumba kwenye mikeka ya tatami, kiwiko cha mwenzako ubavuni. Wazee walikuwa wanapiga magoti mbele ya kila gombo, nasi tulio nyuma tunasubiri. Niliwapenda bure.

Mbele ya maandishi ya mtawa wa China, Xutang Zhiyu (1185–1269), nilikaa kadiri walivyonivumilia. Wajapani humwita Kido. Hakuwahi kukanyaga Japani. Mtawa wa Kijapani Nanpo Jomyo alivuka bahari mwaka 1259 akaenda kusoma kwake, akarudi mwaka 1267. Mwanafunzi wa Nanpo ni Shuho Myocho (1282–1337), aliyelianzisha hekalu hili. Ndiyo maana karatasi ya Xutang hapa inatunzwa kama ya babu mzaa babu. Kwa macho ya karibu: karatasi imekuwa rangi ya chai iliyokolea, ina mikunjo midogo ya kulala inayoonekana ukiinamisha kichwa, na mwishoni mwa mstari brashi ilianza kukauka. Nywele zake zimeachana, zimeacha michirizi myeupe ndani ya weusi. Hakuchovya tena. Alimaliza sentensi kwa wino uliobaki.

Gombo jingine la Xutang, lililoko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, linaitwa Kido Aliyeraruka. Lilikuwa mali ya mfanyabiashara tajiri wa Kyoto. Katika karne ya 17 mmoja wa watumishi wake alijifungia ghalani, akalikatakata gombo kwa kisu, kisha akajiua. Likaungwa. Leo ni Hazina ya Taifa, na jina la jeraha ndilo jina lake. Kwa bwana yule gombo lilikuwa fahari ya nyumba. Mtumishi alijua hasa pa kumpiga. Hadithi hii huipati kwenye vikombe.

Daitokuji ni nyumba ya Ikkyu Sojun pia (1394–1481), mtawa mkorofi aliyejulikana kwa pombe, wanawake na mashairi ya kuwatukana wakubwa wa dini. Vita vya Onin vilipoliunguza hekalu, yeye ndiye aliyeitwa kuwa mkuu wake mwaka 1474, akiwa na miaka 80, na fedha za kulijenga upya zilipatikana kwa jina lake. Inasimuliwa kwamba alimpa mwalimu wa chai Murata Shuko maandishi ya Yuanwu, naye Shuko akayatundika kwenye chumba cha chai, na ndiko desturi hii ilikoanzia.

Maandishi ya Ikkyu yanayosifiwa kuliko yote ni jozi ya magombo ya Shinju-an, hekalu dogo ndani ya ua huu huu. Mwandiko wake unaenda kasi kama mtu anayegombana, na maneno yenyewe ni haya: usitende ovu lolote, tenda kila jema. Basi. Mshairi Bai Juyi aliwahi kumwendea mtawa aliyekuwa akiishi juu ya mti, akamuuliza kiini cha mafundisho ya Buddha, akajibiwa kwa maneno hayo. Bai Juyi akasema hata mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Mtawa akamjibu: mtoto wa miaka mitatu hulisema, mzee wa miaka 80 hushindwa kulitenda. Sasa mfikirie Ikkyu, na sifa zile alizokuwa nazo mjini, ndiye anayekuandikia neno hilo. Sijui mwandiko mwingine unaobeba mchezo na uzito kwa pamoja namna hiyo.

Tukiwa njiani kurudi Mama akanikumbusha Takuan Soho, naye mkuu wa Daitokuji, aliyepelekwa uhamishoni mwaka 1629 kwa kuipinga serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi, juu ya nani avikwe joho la zambarau, joho la heshima la watawa wakuu. Alipokuwa anakufa wanafunzi walimwomba neno la mwisho. Aliandika herufi moja: ndoto.

Jumatatu. Kwa fundi

Karatasi ya mtawa haiwezi kuning'inia yenyewe. Ni nyepesi, na wino ukikauka huikunjakunja. Anayeigeuza kuwa gombo ni fundi wa hyogu, na Kyoto imejaa mafundi hao kwa sababu imejaa mahekalu.

Karakana tuliyoenda ni chumba kimoja chenye meza ndefu nyekundu ya laka na harufu ya ngano mbichi. Fundi alikuwa anabandika karatasi nyuma ya karatasi. Gombo zuri lina tabaka kadhaa za karatasi nyembamba, na gundi ya tabaka za nyuma ni wanga wa ngano uliopikwa, ukatiwa mtungini, ukaachwa mahali pa baridi miaka kumi hivi. Alifungua mtungi mmoja. Ukungu juu kama ngozi. Chini yake kitu cheupe kisichonata hata kidogo ukikigusa kwa kidole.

Gundi dhaifu namna hiyo hubandika vipi? Kwa kupigwa. Alichukua brashi nene yenye nywele ngumu akaanza kuitwanga karatasi kwa ncha, ta-ta-ta, inchi kwa inchi, mpaka nyuzi za tabaka mbili zikashikana. Udhaifu wa gundi ni wa makusudi. Gombo likiwa na gundi kali hukakamaa na kupasuka likikunjwa, na baada ya miaka mia moja fundi mwingine atatakiwa kulibandua lote na kulitengeneza upya bila kuuchana wino. Anafanya kazi kwa ajili ya mtu atakayeiharibu kazi yake.

Sehemu za gombo zina majina. Juu ni "mbingu", chini ni "ardhi", na mbingu hufanywa ndefu kuliko ardhi. Vipande viwili vyembamba vya hariri iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu hukaa juu na chini ya maandishi yenyewe, na chini kabisa kuna mti wa duara wa kulikunjia. Kazi ikikaribia kwisha, mgongo wa gombo husuguliwa kwa shanga ili ulainike. Na kuna miezi ya kukaa ubaoni likikauka polepole.

Nilimuuliza kuhusu yale yaliyokatwa. Akajua ninachokitaka. Barua ya Yuanwu ya mwaka 1124, aliyompa mwanafunzi wake Huqiu Shaolong kuthibitisha kwamba amefuzu, ndiyo bokuseki ya kale kuliko zote zilizobaki. Iko Tokyo, na inaitwa Engo Aliyeelea (Engo ndivyo Wajapani wamwitavyo Yuanwu), kwa kuwa inasimuliwa ilifika pwani ya Bonotsu, kusini mwa Japani, ikielea baharini ndani ya bomba la mti. Iliyobaki ni nusu ya mwanzo. Kwa mapokeo, bwana mkubwa Date Masamune aliitamani, na mwalimu wa chai Furuta Oribe akaikata mapande mawili wagawane. Cheti cha kiroho, kikatwe kwa kisu ili wawili wawe nacho! Fundi hakuona ajabu. Akasema kwamba karatasi ndefu haienei kwenye shubaka.

Jumanne. Nara

Safari fupi, chini ya saa moja. Sehemu kubwa ya wino wa vijiti wa Japani hutoka hapa, na duka la Kobaien lipo tangu 1577. Mafuta ya mimea huwashwa kwenye vibakuli vya udongo, masizi yakang'ang'ania vifuniko, yakakwanguliwa, yakachanganywa na gundi ya ngozi na manukato ya kuficha harufu ya gundi. Donge hukandwa kwa mikono na kwa miguu. Vijiti hufukiwa kwenye majivu, majivu yakibadilishwa kila siku, yenye unyevu kwanza na makavu baadaye, ili visipasuke, kisha hufungwa kwa majani ya mpunga na kuning'inizwa. Kazi hiyo hufanywa miezi ya baridi tu; wakati wa joto gundi huoza.

Kulungu mmoja wa bustani ya Nara alikula ukurasa wa daftari langu wenye bei za vijiti.

Jumatano. Mtaa wa Teramachi

Siku ya kununua. Madukani gombo linalouzika sana kwa wageni ni ichigo ichie: mkutano mmoja, mara moja maishani. Wengi humpa Rikyu sifa ya neno hili. Mzizi wake uko kwa mwanafunzi wake Yamanoue Soji, na aliyelipa umbo tunalolijua ni Ii Naosuke (1815–1860), aliyeandika kwamba hata mkikutana mwenyeji yule yule na wageni wale wale mara nyingi, mkutano wa leo haurudi. Naosuke alikuwa waziri mkubwa wa shoguni. Aliuawa mwaka 1860 kwenye theluji, nje ya lango la Sakurada, na watu waliochukia siasa zake. Ukimjua msemaji, neno linaacha kuwa la kadi ya harusi.

Magombo mengi ya bei nafuu yamechapwa kwa mashine. Mama alinifundisha kuangalia pale mikato miwili ya brashi inapopishana: wino wa kweli huonyesha upi ulipita juu ya upi, na mgongo wa karatasi una kivuli cha maji. Uchapaji ni weusi mmoja tu. Nikachukua dogo, la mkono, la mtawa wa zama zetu hizi: kissako. Kuna mjomba wangu Tanga ambaye nishajua siku gani atalikuta ukutani.

"Usilitundike mwaka mzima," Mama akaniambia tukilifunga. "Mgeni akija, tundika. Akiondoka, kunja, lakini usilikaze. Na pwani yenu ile ina unyevu, usilifungue masika hata kidogo. Ngoja kipupwe, Julai, Agosti, siku kavu, ulianike ndani, jua lisiligonge, saa mbili tatu."

Nikauliza sanduku la mti wa kiri linauzwaje. Lilikuwa ghali kuliko gombo. Nimelinunua.